Kijiti cha Pua Nilichomwachia Wifi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne. Sina mume, nina mtoto mmoja, na vidole vyangu vyote kumi vipo. Navitaja vidole kwa makusudi. Mtaelewa huko mbele.

Kusoma sikusoma. Darasa la pili tu, kisha baba akanitoa nikachunge ng'ombe. Kuandika huku nimekupata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mkiona nimekosea mahali, pitieni tu. Majina nitayataja. Wapo walioniambia, "Salome, ficha majina, hao ni watu wa nyumbani." Niwafiche kwa nini? Wao walinificha mimi?

Aliyenimaliza ni Tabitha, dada wa mume wangu. Aliyemfungulia njia ni Elifasi, dresa wa zahanati ya kijiji chetu. Na aliyetazama tu huku mikono iko mfukoni ni Daudi, mume wangu wa ndoa ya kanisani!

Nilikuwa na miaka thelathini na minne tulipohamishwa kutoka kwenye tembe letu la zamani na kuletwa kijiji cha ujamaa, upande wa Ihanja. Nyumba zikapangwa kwa mistari. Shamba la kijiji likalimwa. Zahanati ikaezekwa bati, tukapiga vigelegele siku bati la mwisho lilipopigiliwa. Mtoto wangu Neema alikuwa na miaka mitatu, mnene, mcheshi, analala mgongoni kwangu hata nikipalilia. Nilikuwa na furaha, ndugu zangu. Nasema kweli.

Kasoro yangu ilikuwa pua. Tangu nikiwa msichana, msimu wa kupura uwele ukifika, lile vumbi la makapi likipanda tu, pua inavimba, macho yanawasha, makamasi yanatiririka. Nikipenga kwa nguvu inatoka na damu kidogo. Uwele ukiisha, pua nayo inapona. Kwa mama yangu walikuwa wakinitania, "Salome ameshaanza kulia, basi mavuno mwaka huu ni mazuri."

Lakini kwa wakwe hakuna utani wa namna hiyo.

Mwaka wa pili wa kijiji, akaonekana mgonjwa wa ukoma kijiji cha jirani. Ikatoka amri kwamba watu wazima wote tupimwe pua. Kwa wasiojua, ukoma hupenda kukaa puani kabla haujaonekana kwenye ngozi. Pua inaziba, inatoa damu. Basi dresa anachukua kijiti chenye pamba kwenye ncha, anasugua ndani ya pua, anapaka yale makamasi kwenye kipande cha kioo, anaandika namba. Vioo vinapelekwa hospitali mjini, huko wanavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini.

Tukaitwa zahanati kwa nyumba kumi kumi. Na balozi wa nyumba kumi zetu alikuwa nani? Mzee Ntandu, baba mkwe wangu! Alisimama palepale pembeni ya meza ya Elifasi na daftari lake, anasoma majina kwa sauti ya kuita ng'ombe.

Sasa nielewesheni ninyi, mke wa mtu wa kwetu anafanyaje? Mbele ya baba mkwe mimi sili. Sikai kwenye kigoda chake. Nikipishana naye njiani nageuza uso. Nitawezaje kuinua kichwa, nifungue pua, nitolewe makamasi mbele ya macho yake? Afadhali ardhi ipasuke!

Jina langu likaitwa. Nikasimama kama mti. Elifasi akaniambia, "Sogea, mama Neema, pua haing'oki." Watu wakacheka. Mimi nikainama tu.

Dresa mwenye akili angemwambia mzee, "Baba, tupishe kidogo." Maneno matatu tu! Elifasi alimwogopa Mzee Ntandu, na alikuwa na haraka, kulikuwa na pombe ya mtama inamsubiri kwa rafiki yake. Hapo ndipo Tabitha akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Dresa, tupe vijiti viwili. Mimi na wifi tutakwenda nyuma ya nyumba tumalize wenyewe. Wifi ana haya."

Elifasi akatoa vijiti viwili. "Nendeni. Msivichanganye."

Nilimshukuru Tabitha moyoni. Nilimwona kama mdogo wangu wa tumbo moja! Nyuma ya zahanati nikasugua pua yangu, yeye akasugua yake. Akanyoosha mkono. "Lete wifi, nikupelekee. Utapitaje tena mbele ya baba na pua nyekundu namna hiyo?"

Nikampa.

Nikamwachia kijiti changu, nikaenda zangu shambani naimba.

Wasomaji, kabla sijaendelea niwaambie jambo ambalo nalo nililiona nikalisahau. Miezi michache kabla, tulipokuwa tunaoga pamoja kisimani, niliona baka kwenye paja la Tabitha. Jeupe jeupe, kubwa kama kiganja. Nikamuuliza. Akafunga kanga haraka. "Choa tu, wifi." Nikasema paka majivu. Basi, yakaishia hapo. Tabitha alikuwa na mchumba huko Shelui, mwenye duka pale malori yanaposimama, na wazee walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za mahari. Nani angefikiria mengine?

Zikapita wiki tano. Asubuhi moja naosha vyombo, Elifasi akaja na baba mkwe. Hawakuingia uani. Walisimama mbali, kwenye ua wa mnyaa. Elifasi akaita, "Mama Neema! Toka hapo ulipo, usimshike mtoto!"

Nilikuwa nimemshika tayari.

Majibu yalikuwa yametoka. Kioo chenye namba yangu kilikutwa na vijidudu vya ukoma, tena vingi mno, vimejazana kama mchwa. Kioo cha Tabitha kilikuwa safi.

Nikasema haiwezekani. Elifasi akasema, "Pua inatoa damu kila mwaka, mama, ulitaka iseme kwa mdomo?" Na hapo ndipo kila mtu akakumbuka! Huyu alikumbuka nilivyopenga mwaka juzi, yule alikumbuka nilivyoshindwa kupepeta. Pua yangu ya vumbi ikageuzwa shahidi wa uongo.

Mnajua aliyelia kwa sauti kuliko wote? Tabitha. Alijigaragaza chini. "Wifi yangu! Jamani wifi yangu!" Mpaka mimi mwenye msiba nikambembeleza. Ona dunia!

Daudi akaninyang'anya Neema kwa kanga iliyokunjwa, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Mtoto akalia, ananyoosha mikono.   Kesho yake nikapandishwa nyuma ya lori la serikali, peke yangu, nikapelekwa kambi ya wakoma, mwendo wa siku nzima. Nikageuka kutazama kijiji. Moshi ulikuwa unapanda uani kwetu. Walikuwa wanachoma kitanda changu...

Kambini nilitegemea kukuta mashetani. Nikakuta watu. Mama asiye na vidole alinipokea mzigo wangu kwa viganja, akanipikia mlenda, akaniambia, "Kula, mwanangu, hapa hakuna anayekimbia." Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kunikaribisha vile. Nilikula nikilia, machozi yanadondokea ugali.

Wakanianzishia vidonge. Baada ya mwezi wakanipima tena, pua safi! Nikaruka kwa furaha. Nikadhani narudi nyumbani. Daktari wa kambi akatabasamu, "Umeona? Dawa inafanya kazi. Endelea."

Mwezi uliofuata safi. Unaofuata safi. Na kila nikisema siumwi, najibiwa kwamba huko kutoumwa ndiyo kazi ya dawa. Je, mtu atatokaje kwenye mtego kama huo? Pua ikiwa chafu, ni mgonjwa. Pua ikiwa safi, ni mgonjwa anayepona!

Daudi alikuja mara moja tu. Alisimama ng'ambo ya uzio, akaweka juu ya jiwe kanga moja na chumvi. Nikamuuliza Neema hajambo? Akasema, "Anaendelea." Anaendelea! Hilo ndilo neno la baba kwa mama wa mtoto wake. Baada ya hapo sikumwona. Nilikuja kusikia kwa wasafiri kwamba ameoa mwanamke kutoka Ulemo.

Usiku... hapana, ya usiku niachieni mwenyewe. Niseme ya mchana.

Mchana nilikuwa nafagia maabara ya kambi. Mwenye maabara alikuwa Mzee Hamisi, mtu aliyepona ukoma zamani, amebakiwa na vidole sita, na kwa vidole hivyo sita aliweza kushika kioo chembamba bila kukigusisha popote. Mzee mkali! Ukipita karibu na mizani yake unapumua, anafoka, "Pumzi yako ina uzito, mwanamke!"

Siku moja akaniita. "Salome, nina miaka mingi natazama pua za watu. Mtu aliyekuja na vijidudu kama mchwa hawezi kuwa mweupe kwa mwezi mmoja. Hata wakifa, mizoga yao inabaki muda mrefu. Wa kwako wamezikwa wapi?" Akanichoma mguu na sindano, nikapiga kelele. Akanigusa mkono na unyoya wa kuku huku nimefumba macho, nikasema hapa, na hapa. Hakuna palipokufa ganzi.

Kisha akasema, "Halafu kuna kitu kingine. Ile wiki mlipopura uwele wa kambi, kioo chako kilijaa chembe nyekundu."

Nikashtuka. Chembe gani tena?

Akanieleza kwa lugha ya mtu asiyesoma kama mimi. Mwili ukivimba mahali, unapeleka askari wake na maji maji yao. Kwenye usaha wanakuja askari wa aina moja. Kwenye pua inayokataa vumbi wanakuja wengine, ukiwatia rangi wanakuwa wekundu. "Pua yako si ya ukoma. Pua yako inakataa vumbi la uwele. Lakini daktari hatakubali kwa kioo kimoja. Lazima tupime, na tupime sawasawa."

Basi tukaanza. Anapima kipande cha pamba kwenye mizani ya dawa, kikavu. Ananiwekea puani. Nakaa kimya mpaka ahesabu mia tatu. Anakitoa, anakipima tena, anajua makamasi yana uzito gani. Halafu anakikamulia kwenye kichupa chenye matone ya maji ya chumvi aliyoyahesabu, anaweka tone moja kwenye kioo, anahesabu wale wekundu. Kila siku saa ileile.

Siku ya tatu alinitazama kwa jicho baya. "Leo umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, mzee."

"Muongo! Makamasi mengi, chembe chache. Umeosha pua!"

Nikainamisha kichwa. Ni kweli nilikuwa nimevuta maji puani kabla sijaja. Niliona aibu kumpelekea mtu mzima uchafu. Nimelelewa hivyo, nifanye nini?

Mzee Hamisi akatupa ile pamba chini. "Ukitia maji kwenye maziwa, ng'ombe ameongeza maziwa? Unataka kutoka hapa au unataka kuonekana una adabu? Usiniletee pua iliyokoga! Makamasi yako ndiyo shahidi wako, usimlishe maji akasahau ushahidi!"

Nikacheka na kulia papo hapo. Tukaanza upya, siku ya kwanza.

Siku sita nilikaa chumba cha kusuka mikeka, siku sita nilipelekwa kupepeta. Daktari alisema, "Hamisi, wewe unampendelea huyu mama, utaona unachotaka kuona." Basi daktari mwenyewe akachukua chupa zote, akabandua alama za siku, akaweka alama zake za siri, akazichanganya. Akampa mzee. "Niambie za vumbi ni zipi."

Mzee Hamisi alikaa na hadubini siku mbili. Mimi nilikuwa nje, nimeshindwa kula. Kama akikosea, basi nitazeeka pale, na Neema atakua akijua mama yake ni jina la kutishia watoto.

Akatoka na chupa amezipanga mafungu mawili. Daktari akafungua karatasi yake. Akaangalia. Akaangalia tena. Chupa sita za vumbi zote upande mmoja, hakuna hata moja iliyopotea!

Nilipiga magoti kwenye mchanga. Mzee Hamisi akaniambia, "Inuka, bado swali moja. Kile kioo cha kwanza, nani alipeleka kijiti chako mezani?"

Nikasema, "Wifi yangu. Alibeba changu na chake."

Akaiweka mizani yake chini polepole. "Basi kioo kile si chako, mwanangu. Kina mwenyewe. Na mwenyewe mpaka leo hajapata dawa."

Hapo ndipo lile baka la pajani likanirudia. Choa tu, wifi...

Ndugu wasomaji, sikujua hasira inaweza kumshika mtu mpaka masikio yakaziba. Mwaka mmoja na nusu! Mtoto wangu! Kitanda changu! Kumbe alivibeba vyote vile kwenye kijiti kimoja, huku ananitazama usoni!

Daktari akaandika barua yenye mhuri. Nikashuka basi Ihanja na kutembea kwa miguu mpaka kijijini. Siku hiyo watu walikuwa kwenye uwanja wa kupuria, mavuno ya kijiji, vumbi limesimama hewani. Pua yangu ikaanza kutiririka. Nikasema, vizuri, tiririka tu! Leo nakuhitaji.

Wakaniona. Mwanamke mmoja akapiga yowe. "Simama hapo hapo! Usisogee!" Watoto wakakimbizwa. Neema alikuwa amejificha nyuma ya mke mpya wa Daudi, anachungulia. Amerefuka. Hakunijua.

Nikamnyooshea Elifasi barua. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma kwa kukwama kwama, mwisho akasema, "Mhuri siku hizi hata wa viazi upo."

Watu wakacheka. Tabitha naye alicheka. Alikuwa kwenye mafiga anapikia wavunaji uji. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaletwa, arusi ilikuwa baada ya mavuno hayo hayo.

Mzee Ntandu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, daftari magotini. Nikamwendea. Watu wakaguna, maana sikugeuza uso. Nikasimama mbele yake kabisa.

"Shikamoo baba."

Akachelewa. "Marahaba."

"Baba, nisamehe kwa nitakachokifanya. Adabu yangu kwako ndiyo iliyonipeleka kambini. Leo nimeiacha njiani." Nikageukia dresa. "Elifasi, leta kijiti! Leta na kioo! Nipime hapa hapa, mbele ya baba mkwe, mbele ya kijiji!"

Nikainua kichwa. Nikafungua pua. Na kabla ya kijiti, nikapenga kwa nguvu kwenye kanga ileile aliyoniwekea Daudi juu ya jiwe, sauti ikasikika mpaka shambani! Wazee wakafunika macho. Mama mkwe akasema, "Uwii, amechanganyikiwa!" Sijachanganyikiwa, mama. Nimechoka kuwa na haya kwa faida ya watu wengine!

"Nimemaliza," nikasema. "Sasa Tabitha. Kijiti chako, wifi, ukisugue mbele ya watu, na safari hii ukibebe mwenyewe."

Tabitha akasonya. "Mimi nilishapimwa. Nina kazi, watu wana njaa." Akainamia mafiga, akashika lile sufuria la uji masikioni kwa mikono mitupu, akaliinua.

Wanawake wakashangilia kidogo, kumbe walikuwa wamezoea! "Huyo ndiye Tabitha, mikono ya koleo! Huyo haogopi jiko, Shelui wamepata mke!" Mwaka mzima walikuwa wanamsifia hivyo. Mwaka mzima hakuna aliyejiuliza.

Mimi nimetoka kukaa na watu wanaoshika moto bila kujua. Nikamwambia taratibu, "Wifi, liweke chini. Unaungua."

"Siungui."

"Tabitha, angalia vidole vyako."

Kelele zikaisha. Harufu ikatufikia sote. Hakuna asiyeijua harufu ya ngozi inayoungua. Tabitha akatazama mikono yake kama anatazama ya mtu mwingine. Ndipo akaliachia sufuria, uji ukamwagika kwenye majivu.

Baba yake akasimama, kigoda kikaanguka. "Tabitha. Vijiti vile ulivichanganya?"

Hakumjibu baba yake. Alinijibu mimi. Maneno yake nayajua kwa moyo mpaka leo: "Wewe ulishaolewa, wifi. Ulishazaa. Mimi nilikuwa bado sina kitu. Nikasema wewe utastahimili."

Nitastahimili! Yaani mtu anapima moyo wa mwenzake kwa macho tu, bila mizani, anaona bado una nafasi ya mzigo wake!

Elifasi alianza kusema yeye hakuwa nyuma ya nyumba, yeye alipokea tu. Nikamwambia, "Ndiyo hivyo, dresa. Ulipokea tu. Kosa lako ndilo hilo." Baadaye alihamishwa. Sijui aliko na sijali.

Daudi naye akanisogelea, kichwa chini. "Rudi nyumbani, mama Neema. Tutakaa sote."

"Kwenye kitanda gani, Daudi?"

 Sikurudi. Nilimgeukia Mzee Ntandu, nikasema namtaka mtoto wangu, na kwetu mnajua mtoto ni wa ukoo wa baba.  Mzee akavua kofia, mbele yangu mimi mkwe wake, akasema, "Mchukue. Sisi hatukujua kumtunza mama yake." Neema alikataa mkono wangu siku ile. Ilichukua miezi miwili mpaka alale tena mgongoni kwangu, na alikuwa mzito kweli kwa umri ule, lakini sikumtua!

Ng'ombe wa Shelui walirudishwa. Na Tabitha? Hakuna aliyetaka kumsindikiza. Walewale walioshangilia mikono ya koleo walikimbia kama walivyonikimbia mimi. Nilimpandisha gari mimi mwenyewe, nikamfunga mikono kwa kitambaa safi. Msidhani nilimsamehe. Sijamsamehe mpaka leo ninapoandika. Nilimpeleka kwa sababu najua kule atapewa mlenda na dawa, na kwa sababu sitaki kufanana na watu wa kijiji chake. Amepona sasa. Vidole vinne vya kulia havipo. Kama angekwenda na kioo chake siku ile ya kwanza, angekuwa navyo vyote, na pengine na mume. Alidhani ameniibia mimi, kumbe dawa aliyonipa nimeze bila sababu ilikuwa ya kwake!

Mimi leo nafanya kazi zahanati, kijiji kingine, huku huku Singida. Nafagia, naosha vioo, na siku za kupima pua nasimama mlangoni. Wananiita mama mkali. Niiteni tu.

Nawasihi ninyi mnaosoma, wanawake hasa. Kama ni damu yako, kama ni makohozi yako, kama ni makamasi yako, mkabidhi mpimaji kwa mkono wako mwenyewe, uone kioo kinaandikwa namba gani. Usimpe wifi, usimpe shoga, usimpe hata mama yako mzazi. Usikoge pua ili upendeze. Dresa atakayekutuma nyuma ya nyumba, mkatalie! Na ukiona baka lisilosikia sindano, usilifunge kwa kanga. Dawa ipo. Aibu haijawahi kuotesha kidole.

Mwaka jana Mzee Ntandu alikuja kumtembelea mjukuu wake, akakuta ni siku ya kupima. Akapanga foleni na wengine, fimbo mkononi. Alipofika mezani dresa wetu alikuwa ametoka kidogo, kijiti kilikuwa kwangu. Akanitazama. Nikamtazama. Watu wa kwetu waliokuwepo wakashika midomo.

"Baba," nikamwambia, "inua kichwa."

Akainua.